Ukifika, Uliza

Mkenya akikuelekeza kwake, kusema ukweli hajakuelekeza. Anakuambia, "Panda matatu, shuka stage ya mwisho, ukiona kibanda cha M-Pesa uliza tu, watakuonyesha." Na utafika. Njiani kuna mtu wa mahindi choma, kuna watu wa boda, kuna mama wa mboga. Maelezo yalikuwa mabovu lakini mtaa uliziba mapengo.

Naanzia hapo kwa sababu mwezi uliopita nilimwaibisha mathe mbele ya chama chake kizima, na tangu siku hiyo natafuta ni wapi hasa nilikosea. Kutafuta huko kumenirudisha hadi mwaka 1944. Vumilieni, hii ni ndefu.

Mathe ni mweka hazina wa chama cha akina mama 14. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa mia tano. Ameshika daftari lile miaka 9 na halijawahi kupungua hata bob. Mimi nilitoka chuo mwaka wa pili karo ilipokataa, na tangu hapo najifundisha kuandika programu usiku, mchana nikitengeneza video. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kuonyesha nyumbani kwamba sikai bure. Nikamwandikia mathe zana ndogo: inarekodi michango, inahesabu madeni, inatumia kila mama ujumbe kwa simu. Miezi minne niliiendesha mimi mwenyewe na haikuwa na shida yoyote.

Halafu nikaikabidhi kwa ajenti.

Ajenti hapa si yule wa kukutolea pesa kwa kibanda. Unachukua modeli ya AI, unaipa zana, yaani programu zingine ambazo inaweza kuziita, unaipa kazi, na inachagua yenyewe itumie zana gani na iijaze nini. Huyo ndiye ajenti. Jambo la kushika ni kwamba kwa kawaida haoni ndani ya zana yako. Anaona jina lake, maelezo uliyoandika, na orodha ya vitu ambavyo zana inataka kupewa. Basi.

Zana yangu iliitwa rekodi_mchango. Maelezo yake, neno kwa neno: "Inarekodi mchango." Ilitaka vitu viwili, mwanachama na kiasi. Kwa ndani, pesa nilikuwa nimezihesabu kwa senti, vile mifumo mingi ya malipo hufanya ili kukwepa fujo za desimali. Mimi nikiingiza mchango nilikuwa naandika 50000 bila hata kufikiria, vidole vilishazoea. Ajenti hakuwa na vidole vyangu. Nilimpa orodha ya Jumamosi, akasoma mia tano, akaandika 500.

Saa mbili usiku akina mama 14 wakapokea ujumbe: "Umechangia KSh 5. Unadaiwa KSh 495."

Simu zikaanza. Wengine walicheka. Lakini kuna mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba ambaye alipiga akiwa mpole kabisa, na huo upole ndio ulimuumiza mathe. "Dada, ile mia tano si nilikupa mkononi?" Mathe akajibu vizuri, akakata simu, akaniita. "Wewe, hebu kuja hapa. Kwani hii kitu yako inasema mimi ni mwizi?"

Usiku huo nililaumu AI. Marafiki zangu pia walisema hivyo, ati AI bado ni mjinga. Asubuhi nikasoma tena yale maneno yangu mawili, "Inarekodi mchango," nikajiuliza: ningemchukua kijana yeyote kutoka barabarani, mwerefu, mkweli, nikampa karatasi yenye maneno hayo mawili, angeandika nini? Angeandika 500. Tofauti ni kwamba kijana angeinua kichwa aniulize, "Buda, hii ni shilingi ama nini?" Ajenti anaweza kuuliza pia, lakini anauliza akiona shaka. Mimi sikumwachia shaka yoyote. Nilimwachia pengo lililofanana na jibu.

Sasa twende historia, kwa sababu hili pengo ni la zamani kuliko skrini.

Mwaka 1944 Grace Hopper, mwalimu wa hesabu aliyejiunga na jeshi la majini la Marekani, alitumwa Harvard kufanya kazi kwenye mashine iliyoitwa Mark I. Ilikuwa na urefu wa kama mita 15, imejengwa na IBM, na ilisoma amri kutoka kwa utepe wa karatasi uliotobolewa. Waliojua kuiendesha walikuwa wachache sana. Ukitaka kipande cha programu ambacho mwenzako ameshakiandika, unaomba daftari lake, unanakili kwa mkono, na mara nyingi unanakili vibaya. Hiyo ni ukifika uliza, ya wanajeshi. Mkubwa wake, Howard Aiken, akamwambia aandike kitabu cha mashine ile. Hopper akasema hajawahi kuandika kitabu. Akakumbushwa kwamba yuko jeshini. Mwaka 1946 kitabu kikatoka, zaidi ya kurasa 500. Kwa hivyo mmoja wa miongozo ya kwanza ya kompyuta duniani uliandikwa kwa sababu mtu alipewa amri. Nadhani kila mtu aliyewahi kuambiwa na bosi "andika maelezo" anaelewa.

Lakini mtu aliyenikamata kabisa ni mwingine. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walikuwa na kompyuta iliyoitwa EDSAC, iliyoanza kazi Mei 1949. Badala ya kila mtu kuandika hesabu ya kipeo cha pili upya, walitengeneza maktaba. Vipande vya programu vilikaa kwenye tepu za karatasi, vimepangwa kwa herufi: P ni za kuchapisha, T ni za trigonometria, na kadhalika. Kufikia 1951 vilikuwa 87. Mwaka huo Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill wakatoa kitabu kuhusu kuandaa programu, na humo kila kipande kimeelezwa: kinachukua nafasi ngapi kwenye kumbukumbu, kinatumia muda gani, unakipa namba wapi, jibu unalikuta wapi. Ukisoma maelezo yale huhitaji kufungua kipande chenyewe.

Wheeler alikuwa kijana. Mei 1952, akiwa na miaka 25, alisimama mbele ya mkutano wa wanakompyuta huko Pittsburgh, Marekani, akaeleza vile maktaba hutengenezwa. Na akasema kitu ambacho kingefaa kuandikwa kwa kila kompyuta inayouzwa: ukishaandika kipande na kukijaribu, bado hujamaliza. Imebaki kazi ya kukieleza ili mtu asiyejua yaliyo ndani aweze kukitumia kwa urahisi. Akaongeza kwamba hiyo ya mwisho huenda ndiyo ngumu kuliko zote.

Mtu asiyejua yaliyo ndani. Mwaka 1952! Zilikuwa kompyuta za kuhesabika ulimwenguni, na waliozitumia wangetosha kwa matatu chache, lakini tayari alikuwa anamwandikia mgeni. Nikisoma hivyo naona ajenti wangu pale, miaka zaidi ya 70 kabla hajazaliwa, na naona na mimi mwenyewe nikiwa na simu ya skrini iliyopasuka nikijaribu kuelewa maktaba ya programu ambayo mwenyewe ameandika tu "ni rahisi, jaribu."

Twende 1971. Kule Bell Labs, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wamejenga Unix, babu wa Linux, na jamaa wa karibu wa kilicho ndani ya simu yako. Novemba 3 mwaka huo wakatoa toleo la kwanza la mwongozo wake. Kila amri ilipewa ukurasa wenye mpangilio ule ule: jina, namna ya kuiandika, inafanya nini, inagusa faili gani, amri zipi zinahusiana nayo. Fungua Linux leo, andika man halafu jina la amri, utakuta mpangilio huo karibu vile vile. Na kulikuwa na sehemu moja ambayo bado inanishangaza: BUGS. Kasoro. Waandishi wenyewe, kwenye mwongozo rasmi, walikiri hapa pabaya, hapa hatujamaliza, hii usiiamini sana.

Nani hufanya hivyo leo? Programu ikitoka siku hizi inakuja na video yenye muziki na neno "rahisi" mara sita. Unix ilikuja na orodha ya aibu zake. Na aibu ilifanya kazi. Mkuu wa idara yao, Doug McIlroy, ambaye baadaye alihariri mwongozo wa toleo la saba wa 1979, alisisitiza sana ubora wa kurasa hizo, na kumbukumbu za watu wa pale zinaonyesha kwamba toleo jipya la mwongozo likikaribia, programu zenyewe zilirekebishwa. Maana ukianza kuandika "zingatia kwamba amri hii hufuta faili ikiwa jina lake ni refu," unajisikia mjinga. Unaacha kuandika, unaenda kutengeneza.

Kwa hivyo mwongozo ulikuwa pia namna ya kukagua kazi. Hiyo sikuijua. Nilidhani maelezo ni kupiga pasi nguo ambayo imeshashonwa.

Baada ya hapo, wacha niseme ukweli, mambo yalienda vibaya kwa muda mrefu. Hayakuwa hivyo kila mahali, kuna miradi yenye maelezo safi hadi unataka kulia. Lakini kwenye vikao vya mtandaoni mgeni akiuliza swali alijibiwa kwa herufi nne za matusi ya Kizungu zinazomaanisha kasome mwongozo, na mwongozo wenyewe haupo. Maofisini ikawa "muulize fulani." Mimi nilipata kibarua cha miezi mitatu mahali fulani Nairobi, mfumo wao wote wa malipo ulikuwa kichwani mwa jamaa mmoja, na jamaa alikuwa ameshahamia Canada. Tulikuwa tunamsubiri aamke huko ndio tujue kitufe fulani kinafanya nini. Kuwa mgeni mahali kama hapo ni kitu kibaya. Wenzako waliomaliza chuo wana marafiki wa kuuliza, wana wahadhiri, wana makundi ya WhatsApp ya darasa. Wewe ukiuliza mara ya tatu unaonekana hujui kazi. Nilidhani sina akili. Sasa najua nilikosa karatasi moja tu.

Wakati huo huo mashine zilikuwa zinaanza kusomeana. Mwaka 2011, kwenye kampuni ya kamusi ya mtandaoni inayoitwa Wordnik, ikazaliwa Swagger, mpangilio wa kueleza API kwa namna ambayo programu nyingine inaweza kuusoma. Mwaka 2016 ukabadilishwa jina kuwa OpenAPI. Ni kitu muhimu na kinatumika hadi leo, lakini mpangilio unalazimisha umbo tu, maana anabaki nayo mwandishi. Unaweza kutangaza kwamba kiasi ni namba nzima na usiseme zaidi. 500 ni namba nzima. 50000 pia.

Halafu Juni 2023 OpenAI wakafungua njia rasmi kwa watengenezaji kuipa modeli zao orodha ya zana: jina, maelezo, vitu vinavyotakiwa. Novemba 2024 Anthropic wakatoa itifaki ya wazi iitwayo MCP, ili zana moja iweze kuunganishwa na ajenti wengi bila kuandikwa upya kila mara. Ukiangalia zana ndani ya MCP unakuta jina, maelezo, na umbo la kinachoingia. Weka ukurasa wa Unix wa 1971 kando yake. Ni ndugu.

Kuna kisa kidogo ambacho hao Anthropic walikieleza Desemba 2024. Walikuwa wanajenga ajenti wa kurekebisha msimbo, na wanasema walitumia muda mwingi zaidi kuboresha zana kuliko maagizo makuu. Kosa moja lilikuwa hili: zana ilikubali njia ya faili kwa kifupi, yaani kuanzia pale ulipo. Ajenti akishahamia folda nyingine, njia ile ile inampeleka kwingine, anapotea. Wakabadilisha zana idai njia kamili tangu mwanzo wa diski, kila mara, na kosa likaisha. Kwa lugha yetu: waliacha kusema "nyuma ya duka" wakaanza kudai anwani kamili. Msomaji alibaki yule yule, wakatengeneza mlango.

Hapo ndipo nilianza kurekebisha zana ya mathe. "Kiasi" ikawa kiasi_kwa_shilingi, na senti zikabaki ndani kabisa ambako hakuna anayezihitaji. Maelezo yakakua kutoka maneno mawili hadi aya nzima: itumie wakati gani, usiitumie wakati gani, mfano mmoja wa mchango halisi, namba ya simu ianze na 254 na sio 07. Ile ya kutuma ujumbe, ambayo ilikuwa imeandikwa "Tuma ujumbe" tu, sasa inaanza na onyo kwamba ujumbe unaenda kwa watu halisi na haurudi, kwa hivyo muonyeshe mweka hazina kwanza. Na nikaongeza sehemu ya kasoro, kama wale wazee wa Bell Labs. Kuandika kasoro tatu kulinifanya nirekebishe mbili hapo hapo.

Lakini kuandika peke yake hakutoshi, na kuna chombo kilichopotea Mars kuthibitisha. Septemba 1999 NASA walipoteza Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ya ardhini ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza wakati nyingine ilitarajia vya metriki. Kinachouma ni kwamba hati ya makubaliano ilisema metriki. Iliandikwa, ikakosa kufuatwa, na hakuna kitu njiani kilichopiga kelele. Kwa hivyo zana yangu siku hizi inapiga kelele. Ukiweka kiasi kisicho cha kawaida haikubali, na haikupi namba ya kosa isiyo na maana. Inasema: "Mchango wa kawaida ni shilingi 500, umeandika 50000. Je, umeandika kwa senti?" Ajenti anasoma hiyo, anajirekebisha mwenyewe. Ujumbe wa kosa pia ni maelezo, na ndiyo maelezo pekee ambayo una uhakika yatasomwa wakati yanahitajika.

Kuna kitu kinaniudhi kidogo hapa na sitaficha. Miaka yote tulilia tuandikiwe maelezo, sisi wa kujifundisha usiku, tukaambiwa hakuna muda. Ajenti wamekuja juzi na kila kampuni imepata muda. Kuanzia 2024 kuna hata pendekezo la Jeremy Howard, llms.txt, la kuweka kwenye tovuti faili safi, fupi, isiyo na mapambo, kwa ajili ya modeli kusoma. Nimeanza kuzisoma hizo faili mimi. Ni nzuri kuliko kurasa walizotuandikia sisi watu. Naingia kwa mlango wa mashine na sioni haya.

Mtu ataniambia mbona usimwachie AI aandike maelezo yenyewe. Nilijaribu. Nilimpa msimbo wote, akaona ile kugawanya kwa 100, akaandika habari ya senti vizuri kuliko mimi. Lakini hakuweza kuandika kwamba mwezi wa Desemba chama hufunga na hakuna deni, kwa sababu hilo halimo kwenye msimbo. Wala halimo kwenye daftari. Limo kichwani mwa mathe.

Basi Jumapili nikachapisha ile aya kwa karatasi, nikampelekea jikoni. Nikamwomba radhi tena, halafu nikamwambia, "Mum, soma hii kama mtu ambaye hajawahi kuona chama." Akafuta mikono, akavaa miwani, akasoma polepole hadi mwisho. Akageuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma.

"Na mtu akilipia mwenzake ambaye amelazwa?"

Nikarudi kwa kompyuta.